Majina ya watoto wetu: nani anaandika, nani anafuta?

Katika masomo ya fasihi ya mapokeo tunafundisha mezali, hadithi, vitendawili na nyimbo za kazi. Jina la mtu hatulifundishi. Na hata hivyo hakuna nyumba hapa kwetu isiyokuwa na hadithi moja au mbili za namna mtoto fulani alivyopata jina lake. Hadithi zile watu wanazisimulia vizuri kupita ngano za sungura, kwani sungura hana mtu wa kukasirika pale barazani, lakini jina la mtoto linaweza kuwa na shangazi ambaye angali hai na anasikia.

Basi katika kurasa hizi tunataka kuyaangalia majina kama vile mwalimu anavyoangalia andiko: nani anasema, anasema na nani, juu ya nini, na kama anasema vizuri au vibaya. Hatukuja kutoa orodha ya majina na maana zake. Orodha za namna ile ziko nyingi, na zinamdanganya msomaji kwa sababu zinampa maana ya neno na kumnyima sababu yake. Kujua ya kama Murhula ni «amani» kwa Mashi ni jambo dogo. Kujua amani ile ilikosekana wapi, kati ya nani na nani, hata ikalazimu kuiita uani kila asubuhi, pale ndipo kazi yetu inaanza.

Tuchukue kwanza majina ambayo watu husema hayana hadithi. Kwa Wanande wa Beni, Butembo na Lubero, mtoto mwanaume wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Msichana wa kwanza ni Masika. Jina linamngojea mtoto, hata mimba haijaonekana. Kwa Warundi, na kwa jirani zetu wa bonde la Ruzizi vilevile, mtamkuta Nyandwi aliyefika wa saba, Minani wa nane na Bucumi wa kumi. Mapacha nao ni hivyo: Bukuru na Butoyi kwa Kirundi, Mbuyi na Kabanga kwa Waluba wa Kasai, Kyungu na Kabange kwa Waluba wa Katanga, Nsimba na Nzuzi kwa Wakongo wa magharibi, ambao yule anayefuata mapacha wanamwita Nlandu, na akija mwingine nyuma yake ni Lukombo. Huko Kasai tena, mtoto aliyezaliwa kitovu kimemzunguka shingo ni Mujinga.

Mwenzetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alituambia majina kama haya ni nambari tu, kwamba mzazi hakufikiri kitu. Hatukubaliani naye. Tuangalie Muhindo na Kahindo wa Wanande: ni mtoto aliyegeuza, yaani mwanaume aliyekuja nyuma ya wasichana, ao msichana nyuma ya wanaume. Neno moja linataja mtoto, linataja waliomtangulia, na linatuambia ya kama mle nyumbani kulikuwa na watu waliokuwa wanangoja. Hata nambari yenyewe inasimulia. Tulikuwa na mwanafunzi Kasereka ambaye kwenye karatasi ya familia aliandikwa mtoto wa kwanza. Tulidhani ni makosa ya mwandikaji. Hapakuwa na makosa: Paluku na Kambale walizaliwa, wakafa wadogo, na karatasi ikawasahau. Jina la mdogo wao halikuwasahau. Kila anayemwita anahesabu mbili mbele ya kufika kwake. Tungependa mtu atuonyeshe shairi linalofanya kazi ile kwa silabi nne.

Ubaya wa majina haya ni mmoja, na unajulikana na kila mwalimu aliyefundisha upande wa kaskazini: unaita Kambale, wanasimama saba. Lakini ule ni ubaya wa rejista. Kijijini kila mtu alijua ni Kambale wa nani.

Sasa tufike kwenye majina ambayo ndiyo utamu wenyewe, majina ya kujibu. Wasomi wa Burundi waliyachunguza mapema. Kitabu cha Philippe Ntahombaye juu ya majina ya Warundi kilitoka mwaka 1983, na kilionyesha vizuri ya kama jina laweza kuwa barua kwa jirani. Sibomana, jina ambalo hata kwetu liko, ni «wao si Mungu». Wao ni nani? Jina halisemi. Aliyesemwa anajua. Ntibazonkiza, ambalo mashabiki wa mpira wanalijua kwa mchezaji wa Burundi, ni «hawataniokoa». Tena wale wale. Mama hawezi kugombana na jirani kila siku, chifu atamwita na kumlipisha. Lakini kumwita mtoto wake, hakuna sheria inayomkataza. Atamwita mara kumi kwa siku, kwa sauti kubwa, na uso ameuelekeza upande wa ua wa yule jirani. Jirani akiuliza «ni mimi unanisema?», jibu ni rahisi: «Hapana mama, naita mutoto wangu.»

Ufundi wa jina la kujibu uko pale pale, katika kutotaja. Likitaja, linakuwa tusi. Lisipotaja kitu chochote, linakuwa jina la kawaida tu, kama Bahati. Linapaswa kusimama katikati, na wazee waliokuwa na kipaji waliweza kulisimamisha. Lakini tuseme na upungufu wake, kwa sababu mhakiki asiyesema upungufu anauza dawa. Mtoto anafanywa bahasha. Anabeba barua ambayo si yake, na barua ile haina mwisho: aliyeandikiwa anakufa, aliyeandika anakufa, ugomvi unasahauliwa, na mtu mzima wa miaka hamsini angali anaitwa «wao si Mungu» katika ofisi ya mji ambako hakuna anayejua wao walikuwa nani. Wengine wanaona hayo ni masikitiko. Sisi tunaona ni sawa na mezali yoyote, ambayo tukio lake limepotea na maneno yamebaki, yakapata kazi mpya. Sibomana wa leo anasikia katika jina lake imani, wala si ugomvi. Amelisoma upya, na ana haki.

Kiswahili chetu nacho kina majina ya namna hii, ingawa watu wanadhani majina ya Kiswahili ni ya zawadi na shukrani tu: Furaha, Neema, Zawadi, Riziki, Mapendo, Asifiwe. Tuchukue jina moja linalojulikana sana Kivu ya Kusini, Sikujua.

Miaka fulani iliyopita tuliwapa wanafunzi wa sekondari kazi ya nyumbani. Kila mmoja aende kuuliza kwao alipata jina lake namna gani. Masharti yalikuwa matatu: kuuliza watu wawili ao zaidi, kuandika maneno yao kwa lugha waliyosema, na kutosahihisha kitu. Wengi walirudi na maana, si sababu, kama tulivyoogopa. Wengine walirudi na sentensi moja, «ni jina la babu», na babu huyo hawakuuliza alikuwa nani. Lakini msichana mmoja aliyeitwa Sikujua alileta kurasa tatu, na katika kurasa tatu zile mlikuwa na hadithi tatu.

Baba alisema: «Nilikuwaka ku machimbo ya zahabu. Sikujua kama mama yako iko na mimba. Nilirudia, nikakuta mutoto anatambaa.»

Mama alisema: «Mie njo sikujua. Sikujua kama kule ku machimbo alikuwa na bibi mwingine.»

Mama ya baba, ambaye alikuwa amelala chumba cha pembeni na hakuna aliyemwuliza, aliwaitikia kutoka kule: «Ile jina nilimupatia mie. Ilikuwa ya dada yangu. Bale bote babili banasema bongo.»

Darasa lilicheka siku ile mpaka prefe akaja kuangalia. Kisha wakauliza swali ambalo kila mtu anauliza: ya kweli ni ipi? Tuliwarudisha kwanza kwenye sarufi. Sikujua ni kitenzi cha kukanusha, wakati uliopita, nafsi ya kwanza, umoja. Somo lile tunalimaliza kwa dakika kumi. Lakini «mimi» yule ni nani? Kiswahili kimemficha ndani ya silabi moja, si-, na silabi ile haina uso. Baba anaweza kuingia mle, mama anaweza kuingia, na bibi anaweza kuwafukuza wote wawili na kumweka dada yake aliyekufa. Tena kitenzi kile hakina kitu nyuma yake. Sikujua nini? Pale palipoachwa wazi, kila mmoja amepanga nyumba yake. Wangalimwita mtoto Sikujuamimba, hadithi ingekuwa moja na ingekuwa mbaya.

Na dada wa bibi, yeye alipewa jina lile kwa sababu gani? Msichana alirudi kuuliza. Bibi alimjibu kwamba wao walipozaliwa hakuna mtoto aliyekuwa akiuliza maswali kama hayo.

Mwalimu mwenzetu alitaka tumpe alama ndogo, kwa sababu hakutoa jibu. Tulimpa alama ya juu kupita wote. Katika historia, mambo matatu yanayopingana yanataka hakimu. Katika hadithi ya jina, kila toleo lina ukweli wake juu ya anayelisema: baba anataka tukumbuke kazi yake ya mbali, mama anataka tukumbuke alichotendewa, bibi anataka ukoo. Tunawaomba wale wanaokusanya mapokeo yetu, wasichague toleo moja «zuri» na kutupa mengine. Tumeona vitabu vidogo vya namna hiyo. Jina linapata mistari miwili, imenyooka, haina jasho, na aliyesimulia hatajwi.

Tumefika kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lilitufanya tukamate kalamu. Katika vyumba vingi vya maombi, vijana wanaoitwa Mateso, Tabu, Shida, Machozi ao Vita wanaambiwa majina yao ni kamba za shetani. Jina ni unabii, wanafundishwa: uliitwa Mateso, utateseka. Hukupata kazi? Ni jina. Ndoa imevunjika? Ni jina. Basi wanafunga siku tatu, wanawekewa mikono, wanatoka na jina jipya, na jina jipya ni karibu kila mara la Kifaransa.

Hatutaki kudharau imani ya mtu, na sisi wenyewe tunasali. Tena tunajua ya kama jina la taabu linaumiza. Mtoto anayeitwa Mateso anachekwa shuleni, na mwalimu akisema «Mateso, njoo hapa» darasa zima linaangua kicheko. Lakini hoja yenyewe, tuisome kama hoja. Wahubiri wanapenda kuleta Mwanzo 35, pale Raheli akiwa anakufa alipomwita mtoto wake Benoni, mwana wa uchungu wangu, na baba yake akalikataa jina lile akamwita Benyamini. Wanapenda na Abramu aliyeitwa Abrahamu. Vizuri. Mbona hawafungui Mambo ya Nyakati cha Kwanza, sura ya 4? Mle kuna Yabesi. Mama yake alimpa jina lile kwa kuwa alimzaa kwa huzuni, jina la taabu kabisa. Yabesi alimwomba Mungu amwepushe na uovu, na Mungu alimpa alichoomba. Na jina lake? Alibaki Yabesi. Hakuna aliyelibadilisha, wala Mungu hakumwomba alibadilishe, tena andiko linasema alikuwa na heshima kupita ndugu zake. Msomaji anayechukua Benoni na kuruka Yabesi anasoma nusu ya kitabu.

Wengine wanatuletea mfano wa Lumumba. Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 kule Onalua, Sankuru, na jina alilopewa ni Okit'Asombo, ambalo wanaoandika maisha yake wanalifasiri kama mrithi wa waliolaaniwa. Mnaona, wanasema, aliuawa angali na miaka 35. Tunaona. Lakini yeye hakuuawa na jina. Tarehe 17 Januari 1961 kule Katanga aliuawa na watu, na watu hao wana majina yao, nchi zao na bunduki zao. Kusema ni Okit'Asombo aliyemwua ni kuwasamehe wengi sana kwa mara moja. Pamoja naye siku ile waliuawa Mpolo na Okito, na majina yao hakuna anayeyatafutia unabii.

Kwetu sisi, jina la taabu ni ushahidi. Mzazi aliyemwita mtoto Machozi mwaka 1996 ao 1998 hakumtakia mtoto machozi. Aliandika tarehe. Hakuwa na daftari, hakuwa na mwandishi wa habari wa kumwuliza alipita wapi na alizika nani njiani. Alikuwa na mtoto, na mtoto alihitaji jina, basi akaandika pale. Safari aliyezaliwa kwenye mbio, Amani aliyezaliwa mwaka 2003 wakati wakubwa walipokuwa wametia sahihi kule Sun City, Vita aliyezaliwa mbele yake: waweke watoto wa mama mmoja kwa mstari, usome majina yao kutoka mkubwa hadi mdogo, na una historia ya Kivu ambayo hakuna kamisheni iliyoiandika. Ukimfanya Machozi kuwa Divine na Vita kuwa Gloire, umefuta kurasa mbili za kitabu kile, na mama aliyeandika hakuulizwa.

Kuna na upande wa karatasi, ambao wahubiri hawausemi. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987 hairuhusu mtu kubadilisha jina hivi hivi. Inatakiwa sababu ya haki na uamuzi wa tribinali ya amani. Chumba cha maombi si tribinali. Tulikuwa na kijana aliyebadilishiwa jina katika mwaka wa tano, akaanza kuandika lile jipya kwenye madaftari, kwenye kadi ya kanisa, na mtu mmoja wa utawala wa shule, kwa huruma, akaliingiza kwenye karatasi za mtihani wa serikali. Akafaulu. Diploma ilitoka kwa jina la maombi, vitambulisho vya shule ya msingi vilibaki na jina la mama yake, na kwenye chuo kikuu wakamwuliza: ninyi ni wawili? Alipoteza mwaka mzima akitembea na feza ya magari kutoka ofisi hii hadi ofisi ile. Kwa maneno ya wahubiri, lile ndilo lilikuwa jina la baraka.

Lakini kufuta majina hakukuanza na makanisa ya leo. Serikali ilitangulia. Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilikuwa Zaire, na mwanzo wa mwaka 1972 Joseph-Désiré Mobutu akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga, na majina ya ubatizo yakakatazwa kwa kila raia. Kardinali Malula alipinga, ikamlazimu kuondoka kwenda Roma. Mapadri walitishiwa kifungo wakimbatiza mtoto kwa jina la kigeni. Sisi tuliozaliwa siku zile tuliandikishwa shule ya msingi na jina na postinomu, basi. Jina la padri lilikuwa la nyumbani, mama aliliita polepole kama mtu anayeficha sukari. Tangu Aprili 1990, Mobutu alipofungua mlango wa vyama vingi, majina yale yalirudi pamoja na tai shingoni, na wengi wetu tulijifunza tena kuandika saini.

Watu wengi wanahukumu siasa ile ya majina kwa neno moja, nzuri ao mbaya. Sisi tunaigawanya. Kukataza lilikuwa kosa, kwa kuwa jina la Marie alilopewa mtoto kwa ajili ya sista aliyemsaidia mama kuzaa usiku lina hadithi ya kwetu kabisa, wala si la kigeni. Lakini postinomu ilifanya kitu ambacho wakubwa pengine hawakukitarajia: iliwalazimisha wazazi warudi kwa wazee kutafuta jina la pili. Majina mengi yaliyokuwa yanakaribia kuzikwa yaliinuka miaka ile. Babu aliulizwa. Na sheria ya 1987, katika kifungu cha 58, ilidai majina yatoke katika urithi wa utamaduni wetu na yasiwe ya kutukana, kudhalilisha wala kuchokoza. Sehemu ile ya mwisho tunaiunga mkono kwa mikono miwili. Yuko mzazi aliyelewa hasira ao pombe akampa mtoto jina ambalo hatuwezi kuliandika hapa. Mtu wa namna ile hakujibu jirani, hakushuhudia taabu. Alimtukana asiyeweza kujibu. Mtoto yule aende tribinali, na sisi tutamsindikiza.

Tuseme neno juu ya majina mapya, kwa sababu wenzetu wa chama wanayacheka sana. Glodi, Merdi, Gradi, Plamedi. Wazee wanauliza: ni lugha gani hii? Ni Kifaransa kilichokatwa vipande: Gloire de Dieu, Merveille de Dieu, Grâce de Dieu, na Plamedi ni Plan merveilleux de Dieu. Sisi hatuyacheki. Ukiyatazama vizuri ni ndugu za Byamungu, jina ambalo hapa Kivu kila mtu analikubali kuwa la mababu: bya Mungu, vitu vya Mungu, vimeunganishwa mpaka mshono hauonekani. Aliyetunga Plamedi alifanya kazi ileile, na masikio yake yalikuwa ya Kikongo: irabu mwishoni, silabi tatu, jina linaloitika vizuri ukiita mtoto aliye mbali kwenye uwanja.

Tunachokilaumu ni kingine. Mama Mshi anayemwita bintiye Nsimire, «nashukuru», ukimwuliza anashukuru nini, atakaa chini na atakueleza: miaka sita bila mimba, mashemeji waliotaka afukuzwe, mganga huyu, sista yule, kisha mtoto. Ukimwuliza baba wa Glodi, mara nyingi anajibu: «Ni jina nzuri, njo bana-penda sasa.» Hakuna aliyesemwa, hakuna aliyejibiwa, hakuna tarehe. Jina limetungwa vizuri na limepewa bila sababu. Lakini si Glodi wote. Tunamjua mmoja ambaye mama yake alisafiri kwa mtumbwi na maji yalikuwa yanaingia, na ukimsikiliza mama yule utakubali jina lile kama unavyokubali Nsimire. Basi kosa si la Kifaransa wala la vijana. Ni kwamba hakuna anayewauliza mapema, wakati sababu ingali moto.

Na sababu inapoa haraka. Tangu marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, mzazi ana siku 90 za kumtangaza mtoto kwa mwandikaji wa etasivili. Zamani zilikuwa 30. Mwandikaji ataandika majina, mahali, saa, wazazi. Ya kwa nini hatauliza, karatasi yake haina nafasi. Nafasi iko kwingine, kwenye kadi ya kilo na chanjo ambayo mama anaitunza kupita hata kadi yake ya kura. Nyuma ya kadi ile, ao kwenye karatasi iliyokunjwa ndani yake, mtu wa nyumba anayejua kuandika anaweza kuweka mistari mitano katika siku zile 90: nani alitoa jina, alisema nini kwa maneno yake na kwa lugha yake, nani alikuwa pale, na nani alikataa. Huyu wa mwisho asisahauliwe. Mara nyingi ndiye mwenye toleo la pili.

Wanachama wawili wametuambia karatasi kama ile italeta ugomvi nyumbani, mtoto akikua na kuisoma. Tumewajibu ya kwamba ugomvi ulikuwako tangu siku ya jina. Mmoja alikubali. Mwingine, ambaye binti yake wa kwanza ni Sifa, alisema angependa kwanza azungumze na mke wake.